Dorosela Haule na Minde Aliowafungulia Kabla ya Mgeni Rasmi

Ifikapo tarehe 30 Juni 2026, Mama Dorosela Haule atastaafu akiwa amekitumikia kituo chetu cha kuzalisha wanyama adimu, hapa Njombe, kwa miaka thelathini na mitatu. Katika muda huo kituo kimepata wakurugenzi tisa, kaulimbiu kumi na moja na mhudumu mmoja tu wa minde.

Kwa wasiomjua minde, na humu ofisini mmo, huyu ni paa mweusi wa msitu mnene, mwenye kishungi chekundu kichwani. Hapendi makelele wala mikusanyiko.

Mama Haule alikuja kutoka Ludewa mwaka 1993, akaajiriwa kufagia. Tulikuwa na minde wawili, dume na jike, waliookolewa kwenye mitego, na hawakuzaa. Mtaalamu aliletwa, akaandika ripoti ya kurasa themanini. Mama Haule hakuisoma. Aliona jike anakonda kwa woga, akajenga ukuta wa matete kati yao, akawa anaufungua siku ambazo jike mwenyewe alimtafuta mwenzake. Mwaka uliofuata ndama akazaliwa. Ripoti ya pili ilieleza kwamba ripoti ya kwanza imezaa matunda.

Oktoba 2019 tulipeleka minde sita kwenye msitu ambamo kwa miaka ishirini hakuonekana hata mmoja. Masanduku yenye minde hao yalipangwa mbele ya utepe tangu asubuhi. Shughuli ilikuwa saa nne, lakini mgeni rasmi alikwama Makambako, ambako lori la mbao lilikuwa limepinduka njia panda. Ngoma za kumpokea ziliendelea. Kufikia saa saba minde walikuwa wanahema, povu mdomoni.

Mama Haule alimfuata mkurugenzi kwenye turubai.

"Bosi, hawa wanakufa."

"Mama Haule, ratiba inasema mgeni rasmi ndiye atakayefungua."

"Basi ratiba ije iwanyweshe maji."

Akarudi, akafungua masanduku yote. Watano walitimka. Wa sita, jike, alishindwa kusimama. Mama Haule alilowesha kitenge chake, akapiga magoti akimpoza kichwa, huku mshereheshaji akimwomba asogee maana anaharibu picha. Baada ya nusu saa jike aliinuka, akapepesuka, akaingia msituni.

Saa tisa mgeni rasmi alikata utepe mbele ya masanduku matupu na kupigiwa makofi mengi. Wiki iliyofuata Mama Haule alipewa barua ya onyo kwa kosa la kuwaachia wanyama huru, jambo ambalo pia ndilo lilikuwa lengo la mradi. Niliyeichapa barua ile ni mimi, na ninamwomba radhi hapa.

Mwaka 2021 kamera ya msituni ilimnasa jike yule akiwa na ndama. Tulimwita Mama Haule atazame. Aliitazama picha, akasema, "Kanawiri," kisha akaaga haraka kwamba anakwenda kulisha waliobaki. Haikuwa saa ya kulisha. Tuzo ya mafanikio hayo alikwenda kuipokea mkurugenzi.

Nafasi yake imekabidhiwa kamati ya watu saba. Tayari imekutana mara tatu.

Asante, Mama Haule. Tunakuombea afya, mapumziko na mvua za kutosha shambani kwako Ludewa. Lakini kabla hujapanda basi, tafadhali pita bandani utuonyeshe: wanakula majani gani?