Wasifu wa Mama Vifungo, Aliyesomewa Barua Sita

Ndugu, majirani na waumini wenzetu, mama tunayemrudisha leo kwa Muumba wake alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi viatu na mkewe. Alibatizwa akiwa na miezi miwili. Jina lake la ubatizo limeandikwa kwenye msalaba. Humu tutamwita kama mlivyomwita ninyi, Mama Vifungo.

Alianza shule Januari 1961 akaiacha Juni 1962, akiwa darasa la pili. Mama yake alikuwa ameugua na wadogo zake hawakuwa na mtu wa kuwaangalia. Aliahidiwa kwamba mama akipona atarudi darasani. Mama alipona, yeye hakurudishwa. Hakulalamika juu ya hilo, ila ukimuuliza alisoma mpaka wapi alikujibu, "Mpaka mlangoni."

Mwaka 1968 shangazi yake alimfundisha cherehani. Kuanzia 1974 hadi 2018 alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kwa kuwa hakujua kuandika, hakuandika vipimo vya mtu. Kila mteja alikuwa na uzi wake wenye mafundo, fundo la kwanza bega, la pili kifua, la tatu kiuno, na nyuzi zote zilining'inia ukutani kwenye misumari, kila moja na kipande cha kitambaa cha mwenyewe. Katika miaka arobaini na minne hakuchanganya uzi wa mtu na wa mwingine. Jina lake alilipata asubuhi, watoto walipokuwa wakienda shule. Akimwona mmoja shati limekatika vifungo alimsimamisha: "We baba, kifua hicho unampelekea nani? Njoo hapa." Alikishona kifungo mtoto akiwa amevaa, akakata uzi kwa meno, akamsukuma aende. Hakudai chochote. Baadhi yenu mliosimama hapa mlikatiwa uzi hivyo.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori. Mungu aliwajalia mabinti wawili: mimi ninayewasomea, mwaka 1979, na mdogo wangu, mwaka 1986. Baba ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba. Barua, risiti na Biblia, vyote vilipita kwake. Alipofariki kwa ajali tarehe 2 Novemba 1993, kazi hiyo niliirithi mimi. Januari 1995 nilikwenda sekondari ya bweni, na nyumba ikabaki bila msomaji. Mdogo wangu alikuwa ameingia darasa la tatu na alikuwa hajui kusoma.

Nimeombwa na watu wenye nia njema nipite haraka hapa. Sitapita haraka, kwa sababu mama mwenyewe aliagiza.

Februari 1995 mama alimtafutia mdogo wangu mwalimu wa kumfundisha nyumbani, siku za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Aliletwa na mzee wa kanisa. Alikuwa mwanakwaya, mtu wa sauti ya upole, na alifungua kila somo kwa sala. Mama alimpa kiti cha baba. Siku za somo alisimamisha cherehani ili kelele zisimsumbue mtoto, akashona vifungo kwa mkono huku akiwasikiliza. Baadaye aligundua njia ya kupima maendeleo: alihesabu alama za vema kwenye daftari. Zilikuwa nyingi, nyekundu, nzuri. Hakujua kwamba kila siku mtoto alikuwa akinakili mistari ileile.

Shule ilipoanza kutuma barua, mtoto alizileta kwa mama, na mama akampa mwalimu amsomee. Nani mwingine angemsomea? Barua sita zilikuja kati ya Mei 1995 na Oktoba 1996. Zote zilisomwa mezani kwetu, na baada ya kila moja mama alimshukuru Mungu kwa kupiga magoti. Kisha alizihifadhi kwenye bati la biskuti pamoja na cheti chake cha ndoa.

Likizo ya Aprili 1996 nilimwambia mdogo wangu anisomee maandishi ya kwenye karatasi ya sabuni. Hakuweza. Nikamwambia mama. Alinijibu bila kuinua macho kwenye kazi yake, "Usimwonee wivu mwenzio kwa kuwa kapata mwalimu. Mtu anayeomba kabla ya kufundisha anidanganye mimi?" Ningeweza kufungua lile bati siku ile. Sikulifungua.

Jumamosi tarehe 7 Desemba 1996, nami nikiwa likizo, mwalimu wa darasa wa mdogo wangu alifika nyumbani mwenyewe. Alikuwa amechoka kusubiri.

"Mama, nimekuandikia mara sita," alisema hata kabla hajakaa vizuri. "Hujaja hata mara moja."

"Zote zimefika, mwalimu. Nimezitunza. Na nashukuru unavyomsifia mtoto, ila hukusema popote kwamba nije."

"Kumsifia?"

Mama akaleta bati, akanipa. "Msomee mwenyewe, aone kama namsingizia."

Barua hizo mama alikuwa nazo zote kichwani. Kila nilipotoa moja alinitangulia. "Hiyo ya karatasi ya bluu inasema mtoto ni mfano kwa wenzake, nizidi kumtia moyo." Nikasoma karatasi ya bluu. Ilisema: "Mtoto hawezi kusoma sentensi moja. Tafadhali fika shuleni. Hii ni mara ya tatu."

"Soma tena," mama akasema. "Pengine umeruka mstari."

Nikasoma tena. Sikuwa nimeruka mstari. Nilizisoma zote sita, na baada ya ile ya nne mama hakutangulia tena.

Saa nne mwalimu wa nyumbani aliingia kwa somo lake, akasalimia kwa jina la Bwana kama kawaida. Mama akampa karatasi ya bluu. "Mwalimu, hebu nisomee hii."

Alimtazama mwenzake wa shuleni, akanitazama mimi. "Nimesahau miwani, dada."

"Unayo usoni, mwalimu."

Akakaa. Mdogo wangu alikuwa ameshafungua daftari, akauliza, "Leo hatusomi?" Baadaye mwalimu wa nyumbani akasema, "Ya kwanza nilibadilisha neno moja tu. Nilijua mpaka mwezi ujao mtoto atakuwa ameelewa na hakuna atakayeumia."

Mama akamwambia, "Ungeniambia hajui, ningekuongezea siku."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mama yetu, aliyeshona nguo za mtaa mzima, hakukiona. Mzee wa kanisa aliyemleta yule mwalimu alikuja kutusihi jambo liishie ndani, kwa ajili ya amani ya kanisa. Mama akakubali. Amani hiyo aliilipia yeye peke yake. Shuleni aliendelea kujulikana kama mzazi aliyeitwa akakataa. Mtaani ikasemwa kwamba alimfukuza mcha Mungu bila sababu. Waliojua ukweli walikaa kimya. Yule ndugu aliendelea kuimba mstari wa mbele, mama akahamia benchi la nyuma. Kwa miaka ishirini na mitatu hakujitetea. Leo, mbele ya Mungu na mbele yenu, namtetea: mama yetu hakukataa kuitwa. Alidanganywa kwamba hakuitwa.

Mdogo wangu alirudia darasa la nne. Yule mwalimu wa darasa alibaki naye kila siku baada ya kengele ya mwisho, na kufikia Agosti 1997 mtoto alikuwa anasoma. Leo ni fundi umeme. Mama naye, akiwa na miaka arobaini na minne, alijiandikisha katika elimu ya watu wazima. Alipoanza kujua herufi alitutesa sana. Alisoma kila kibandiko na kila bango kwa sauti, na kule zahanati alimwinua mzee wa watu kwenye benchi lililoandikwa "Rangi mbichi", akamgeuza, akamwonyesha suruali yake. Barua ya kwanza aliyoisoma bila msaada ilitoka shuleni, Juni 1998. Ilimchukua kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Ilikuwa mwaliko wa kikao cha wazazi. Alifika saa moja kabla ya wakati, akakaa kiti cha mbele kabisa.

Kuanzia 2011 mama alisumbuliwa na shinikizo la damu, na mwaka 2018 figo zikaanza kushindwa. Akaacha kushona. Alilazwa tarehe 28 Septemba 2019. Tarehe 3 Oktoba yule mwalimu wa nyumbani alikuja wodini, amezeeka, anatembea na fimbo. Alilia kabla ya kusema.

"Nilikusamehe zamani, kaka," mama akamwambia. "Nilichelewa kukwambia kwa sababu hukuja kuuliza."

Akashukuru, akachukua Biblia iliyokuwa kando ya kitanda ili amsomee Zaburi. Mama akamshika mkono. "Hiyo iache. Nitasoma mwenyewe."

Alipoondoka, mama aliniambia niandike haya, wajukuu wake wasije wakaambiwa kwamba bibi yao hakujali. Kisha akasema, "Siku yangu akija, asifukuzwe. Apewe kiti. Asipewe karatasi."

Mama alifariki Jumanne tarehe 22 Oktoba 2019, saa nane mchana, mimi na mdogo wangu tukiwa naye.

Juzi yule ndugu aliomba kamati ya mazishi imruhusu kusoma Neno katika ibada hii, na kamati iliona ni ishara njema ya upatanisho. Familia ilikataa. Sababu mmeisikia.

Marehemu ameacha dada mmoja, wadogo wawili, mabinti wawili, wakwe wawili na wajukuu watano, ambao wote wanajua kusoma. Amemwacha pia mtu mmoja aliyeketi kati yetu, ambaye yeye alimsamehe. Mimi bado sijaweza. Mniombee.

Bwana, mpokee mama yetu, umpe pumziko la amani.