Mama Hayuko Ng'ambo: Miaka Ishirini na Tisa ya Bi Ivorine Tulloch

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Bi Ivorine Tulloch, mshauri wa watoto na familia zilizofiwa katika Kituo cha Faraja cha Pedlar's Gap, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Machi. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye chumba kimoja cha ofisi muda mrefu kuliko wote. Walioniomba walidhani hiyo ni heshima. Ni kifungo, nami nimekitumikia bila kupunguziwa hata siku moja.

Bi Ivorine alizaliwa Portland, akafundisha chekechea May Pen, kisha akaja hapa wakati kituo chetu kilipokuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Mkurugenzi wa wakati huo alimchukua kwa majaribio. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba majaribio yamekwisha, na yeye hakuuliza.

Tuanze na saa. Saa mbili asubuhi ya Bi Ivorine ilikuwa saa tatu na nusu ya watu wengine, kwa kuwa kati ya nyumbani kwake na ofisini kuna nyumba nyingi, na katika nyumba nyingi huwa kuna msiba. Aliingia ofisini akinukia samaki wa kukaanga na kahawa ya matanga, akaketi, akauliza kwa nini nimenuna. Taarifa zake za kazi zilikuwa na mistari mitatu. "Nilikwenda. Walilia. Tulikula." Wakubwa wa Kingston walipotaka maelezo zaidi hawakumpigia simu yeye, walinipigia mimi, nami nikawa natunga kurasa mbili kuhusu hatua za huzuni za watu ambao sijawahi kuwaona.

Kisha kuna habari ya gari. Gari la kituo limebeba viti vya matanga, spika za muziki, sufuria za wali, na safari moja mbuzi wawili wa supu, hai kabisa, siku moja kabla ya askofu kupanda gari hilohilo. Askofu ni mtu mstaarabu. Alifungua dirisha na kusifia upepo wa huku Clarendon njia nzima.

Nikimlalamikia kwamba amekwenda kufariji mjane na badala yake ameshinda uani akibamiza dhumna na wanaume, ananitazama kama mtu asiyejua kitu. "Mtu hawezi kulia na kucheza dhumna kwa pamoja, Egbert. Lazima akipumzishe kimojawapo." Hebu mtu anieleze ningeandika nini Kingston.

Alitukataza pia kuwaambia watoto kwamba marehemu amelala. Karani wetu alijisahau mara moja, na yule mtoto akakataa kupanda kitandani wiki nzima. Karani alitumwa akakae naye mpaka akubali. Tangu siku hiyo hata paka wa kituo hatusemi kwamba amelala, tunasema amejinyoosha.

Siwezi kuacha mazishi ya Mzee Linval, seremala wa Sandy Hollow. Watu wa huku humwinua mtoto wa marehemu na kumpitisha juu ya jeneza, huku na huku, ili baba asije kumsumbua usiku. Mwanawe Romaine, miaka saba, alishikilia nguzo ya veranda akapiga mayowe mpaka mchungaji akanyamaza. Ami yake, Barrington, alikuwa tayari amekunja mikono ya shati kumbandua, Bi Ivorine akasimama katikati.

"Mmemuuliza?"

"Mama wee, tangu lini mtoto akaulizwa?"

"Tangu leo. Romaine, unataka nini?"

Romaine akafuta kamasi, akamwelekezea Barrington kidole. "Aanze yeye."

Wasiomjua Barrington wafahamu kwamba ni shemasi, na kwamba kwa uzito angetosha kugawanywa kwa mashemasi wawili. Alikataa. Mama yake mzazi, ambaye ndiye mama wa marehemu pia na mwenye mazishi, akamwambia asimcheleweshe mtoto wake mwingine kufika kaburini. Wachimba kaburi wanne wakamwinua, tai ikining'inia juu ya jeneza, na mtu mmoja akipiga kelele kutoka nyuma, "Mshikeni kiuno nyie, asije akamlalia marehemu!" Watu waliokuwa wakilia walicheka mpaka wakashikana mabega. Romaine akaja mwenyewe, akainua mikono juu, akapitishwa. Jumatatu asubuhi Barrington alikuja kushtaki. Alikuja kwangu, bila shaka, kwa sababu Bi Ivorine alikuwa bado hajafika.

Na sasa niseme kisa cha Shanoya Dacres, ambacho familia imeniruhusu nikiandike, na ambacho kiliniotesha mvi za upande wa kushoto.

Mama yake, Kerrian, alikuwa ameshapata karatasi za kwenda Kanada kufanya kazi ya shamba. Kabla ya safari aliugua ghafla, akakimbizwa hospitali Kingston, na huko akafa. Shanoya alikuwa na miaka minane. Bibi yake, Mama Myrtis, alimpeleka kwa jamaa Montego Bay mpaka mazishi yapite, kisha akamrudisha na kumwambia kwamba mama amekwenda ng'ambo.

Nani angeshuku? Nusu ya watoto wa Pedlar's Gap mama zao wako ng'ambo. Mtaa mzima ukaingia katika uongo ule kwa moyo mweupe. Mwenye duka akawa anauliza kwa sauti habari za baridi ya Kanada. Mchungaji akawaombea wasafiri. Krismasi ilipofika, Paulette, dada wa marehemu ambaye yeye kweli yuko Toronto, akatuma pipa kwa jina la Kerrian: mchele, nyama ya kopo, sabuni, viatu. Likafunguliwa uani, majirani wakapiga makofi. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini marehemu kutuma nyama ya kopo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Mwaka uliofuata mwalimu wa Shanoya akatupigia simu. Mtoto anapiga wenzake, na picha ya mama yake ameichora masharubu, kisha akaichana. Bi Ivorine akaenda kumwona. Alirudi na hasira hata kofia hakuvua.

"Yule mtoto anamchukia mama yake," akaniambia. "Anajua mama yupo, ana mikono, ana simu, na kila siku anaamua kutompigia. Ndivyo anavyojua. Na wale watu wazima wanamletea mapipa!"

Nikamkumbusha kanuni yetu. Mtoto haambiwi na sisi bila ridhaa ya mlezi. Nilitegemea ugomvi. Akasema kanuni ni nzuri, kwamba yeye hatamwambia, bibi ndiye atakayemwambia, na kwamba anaomba gari kila Jumatano. Nikalipoteza gari kila Jumatano, miezi na miezi. Nikimuuliza kazi imefikia wapi, anasema mbaazi za mwaka huu zina maganda magumu. Ndiyo kazi waliyokuwa wakiifanya, yeye na Mama Myrtis: wamekaa barazani wanamenya mbaazi. Mimi naye tuligombana sana majira yale. Nilimwambia kuna familia nyingine zinamngoja. Akanijibu kwamba zote anakwenda, ila kwa miguu, na alikuwa anasema kweli.

Mama Myrtis hakuwa mtu wa kusukumwa. "Kusubiri hakuui mtu, Bi Ivorine," alikuwa akisema. "Mtoto ana mama, anamsubiri. Wewe unataka umnyang'anye hata huyo?" Wakaendelea kumenya. Halafu Jumatano moja, bila kuulizwa, akasema lile lililokuwa limemkaba. "Nikimwambia yeye, na mimi nitakuwa nimeambiwa." Kumbe sokoni alikuwa anasimulia watu habari za Kerrian, jinsi theluji inavyomchosha, jinsi anavyolalamikia chakula cha wazungu. Alikuwa hajamlilia mwanawe hata siku moja. Angemliliaje mtu aliyeko kazini?

Bi Ivorine aliponisimulia hayo nilimuuliza alimjibu nini. Akasema alisogeza ungo.

Pipa la pili lilifika Desemba. Siku hiyo nilikuwepo, kwa sababu nilikwenda kulidai gari langu kwa nguvu. Nikakuta majirani wameshakusanyika, pipa limefunguliwa, na Shanoya amekaa chini anajaribu viatu vyekundu vinavyong'aa. Mguu haukuingia. Akasukuma, haukuingia. Paulette alikuwa amenunua namba ileile ya pipa la kwanza.

Majirani wakaanza kumbembeleza wote kwa pamoja. Eti vitanyooka, eti avae bila soksi. Shanoya akaviweka kando taratibu, wala hakulia.

"Hajui hata mguu wangu umekua," akasema. "Akija mwambieni sipo. Mwambieni na mimi nimekwenda ng'ambo."

Mwenye duka akacheka kidogo, akaacha. Nilimtazama Bi Ivorine nikitaraji aseme neno, maana mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuvunja kanuni niliyoiandika. Yeye alikuwa anamtazama Mama Myrtis tu. Yule mama alikuwa ameshika kifuniko cha pipa. Kisha akakilaza chini, akaja akaketi mchangani na gauni lake la Jumapili, uso kwa uso na mjukuu wake.

"Shanoya. Mama yako hayuko Kanada. Hakufika. Mama yako alikufa hospitali, Kingston. Tulimzika Top Hill, wewe ukiwa Montego Bay. Mimi ndiye niliyekudanganya."



"Lini?"

"Kabla ya pipa la kwanza."

Mtoto akafikiri. Nilimwona anapanga siku zake kichwani, moja moja, siku za kuzaliwa, siku za simu isiyolia. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Kwa hiyo hakukataa kunipigia?"

"Hakukataa, mama. Alikuwa hawezi."

"Hakunichoka?"

"Hakukuchoka. Alikufa anakuita."

Hapo ndipo Shanoya alipolia, akimwangukia bibi yake kifuani, na Mama Myrtis naye akamlilia mwanawe kwa sauti iliyotoa watu barabarani. Walilia kilio kile ambacho sisi wataalamu tulikuwa tunakiogopa na kukitungia kanuni. Bi Ivorine aliwafukuza majirani wote waliokuwa wakisema nyamaza, nyamaza. Kisha akanigeukia, macho yake yamelowa, akanituma dukani nikalete mkate. Nikaenda. Mimi ni mratibu wa kituo, na nilikwenda kununua mkate.

Jumamosi iliyofuata walifanya matanga upya kwa ajili ya Shanoya, mchana kweupe, zaidi ya mwaka baada ya mazishi. Kila aliyemdanganya alitakiwa kuja na habari moja ya kweli kuhusu Kerrian. Mwenye duka alisema Kerrian alikuwa mwizi wa zamu kwenye foleni. Mchungaji alisema alikuwa akiimba nje ya sauti, tena kwa nguvu. Shanoya alicheka mara mbili nilizosikia. Simu ikapigwa Toronto, akamwambia shangazi yake namba ya kiatu.

Bila shaka gari halikurudi mpaka Jumatatu.

Wiki iliyopita nilikwenda kuzungumza na watoto wa kikundi chetu cha Jumamosi kuhusu kustaafu huku. Wote wamefiwa, na nilipanga kuwaambia kwamba Bi Ivorine amekwenda likizo, kisha tuone. Bi Ivorine alisikia mpango huo kupitia ukuta, kama anavyosikia kila kitu. Akaja akaketi nyuma ya chumba, akapakata mkoba wake, akasubiri. Hakuna kitu kinachoudhi kama kusubiriwa na Bi Ivorine Tulloch.

Basi nikawaambia. Nikasema Bi Ivorine anaacha kazi. Abigale, ambaye baba yake amezikwa juzi tu, akanyoosha mkono.

"Tumemkosea nini?"

Ndilo swali lao wote, siku zote, nami baada ya miaka yote hiyo bado lilinikuta sijajiandaa. "Hamjamkosea kitu," nikasema. "Amezeeka, magoti yanamuuma, anakwenda kuishi kwa dada yake Portland. Hajafa. Hajakasirika. Hatarudi kufanya kazi hapa, na mimi nitalia." Hayo ya mwisho sikuyapanga.

Kutoka nyuma sauti ikasema, "Hiyo ya kuzeeka ungeiacha, Egbert."

Bi Ivorine, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya familia ulizokaa nazo barazani, asante sana. Umetusumbua kiasi cha kututosha. Tunakuombea siku njema kwa dada yako, magoti mepesi na mbaazi laini. Mtoto yeyote atakayekuja kukuulizia hapa ataambiwa kweli: kwamba umeondoka, na kwamba yeye hukumkimbia.

Egbert Lumsden
Mratibu wa Kituo