Mzee Audace Ntakirutimana, Mfugaji wa Pofu (1959–2014)

Marehemu Audace Ntakirutimana alizaliwa tarehe 9 Machi 1959 huko Matana, mkoa wa Bururi, nchini Burundi, mtoto wa kwanza wa mzee Ezéchiel na mama Joséphine. Wengi wenu hapa Durban mlimjua kama Papa Anaïs, mtu mrefu asiyejua kupaza sauti.

Alianza shule ya misheni mwaka 1966. Alikuwa na mwandiko mzuri, na walimu wakimtarajia kuwa mwalimu. Mei 1972, wakati wa mauaji, baba yake alichukuliwa na askari, wala hakurudi tena. Audace, mwenye miaka kumi na mitatu, aliacha shule akachunga ng'ombe saba wa nyumbani ili mama na wadogo zake wapate kula.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Verediana. Vita vya 1993 viliwakimbiza hadi kambini Kasulu, Tanzania, na mwaka 2004 wakafika Durban na watoto wao watatu. Alisukuma mkokoteni wa mizigo katika soko la Warwick. Mei 2008, wageni walipopigwa na kufukuzwa, mlango wao ulivunjwa, wakalala wiki tatu katika ukumbi wa kanisa. Huko ndiko alikomkuta Bwana Jacques, mkulima wa upande wa Howick, aliyekuwa akitafuta mtu aliyezoea mifugo.

Mifugo yenyewe ilikuwa pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, waliofugwa kwa ajili ya nyama isiyo na mafuta mengi. Walikula majani tu, bila dawa za kunenepesha. Lakini siku ya kuchinja walifukuzwa kwa gari. Audace aliona mara moja tu, akamwendea mwenye shamba.

"Patron, si vile. Mnyama akikimbizwa, nyama inakuwa nyeusi, ngumu. Unipe miezi mitatu."

Kila asubuhi alitembea katikati yao akiwasemesha Kirundi, hadi wakawa wanamfuata. Tangu hapo kila mnyama alipigwa risasi moja akiwa amesimama anakula, bila hofu. Audace mwenyewe aligeuka upande kila mara. Wauza nyama wa Durban wakaanza kuiulizia nyama ya shamba lile.

Mara ya kwanza alipoileta nyumbani, mkewe, Mama Anaïs, aliikaanga mpaka ikakauka. "Eish, Papa, umeniletea kiatu?" Mume wake alivaa aproni, akakata kipande kingine, akakipitisha motoni kidogo tu. Mama Anaïs alikula, akasogeza sahani aongezewe. Kwa kuwa presha ilikuwa imemkataza nyama ya mafuta, Audace alimletea hiyo kila mwisho wa mwezi kwa miaka mitano.

Jumamosi tarehe 17 Agosti 2013 upepo wa joto ulileta moto wa nyasi shambani. Wafanyakazi waliambiwa waondoke. Audace alirudi kwenye moshi, akafungua mageti mawili, akawaita wanyama. Pofu arobaini na mmoja walimfuata hadi bwawani. Mmoja, aliyekuwa amezaa siku ile, hakutaka kumwacha mtoto wake. Wote wawili waliungua.

Mapafu ya Audace, yaliyojaa moshi, hayakupona. Alirudi Durban Septemba, akilala ameketi. Siku moja binti yake Anaïs alishindwa kujizuia.

"Baba, ungewaacha tu! Hawakuwa wako."

"Hawakuwa wangu, mwanangu. Lakini ni mimi niliwafundisha wasikimbie."

Anaïs alilia, naye akamshika mkono hadi alipotulia. Audace hakulalamika juu ya lolote, ila aliuliza mara kwa mara habari za yule pofu na mtoto wake, kana kwamba angeweza kujibiwa tofauti. Alifariki hospitalini Alhamisi tarehe 5 Juni 2014, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Ameacha mjane, Verediana; watoto, Anaïs, Eddy na Irakoze; mjukuu mmoja, Tina; na mdogo wake, Colette, anayewasomea haya. Ameacha pia mama yetu, Joséphine, aliyeko Matana, ambaye hakumwona tangu 1993. Tulimpigia simu juzi. Akauliza swali moja: "Nani alimfumba macho?"

Tukamwambia, "Mke wake, Mama."

Akasema, "Basi. Mwambieni asante."

Mungu amlaze kaka yetu Audace mahali penye amani, ambapo hakuna tena wa kumkimbiza.