Mama Mujinga, mwenye alifunua bâche

Kisha miaka makumi mbili na ine mu pépinière ya Kapata, kwenye tunakuzia miche ya miti, Mama Odile Mujinga anaenda retraite, anapumzika kazi, tarehe 28 mwezi wa kumi na moja, 2025. Hakuna mwenye anaweza kuandika habari yake kama mi, Tata Kitenge. Tulianza kazi siku moja, na mi nilifika wa kwanza.

Alikuwa mama mwembamba wa sauti kubwa. Muche wenye kuchelewa kukua alikuwa anautukana, na kweli ulikuwa unakua.

Kazi yake kubwa ilikuwa ule mwaka wa bâche, yale maturubai ya plastiki. Kampuni ya mine ilitaka miti ya kupanda ku remblai, kile kilima kwenye udongo wa kutupwa wa mine unalala mweupe bila hata nyasi. Chef wetu Polycarpe alisema miti ikikufa, pépinière inafungwa, na sisi bote tunarudia kwetu. Tukaogopa jua. Tukanunua bâche za orange mu quartier Kasulo, zile ba-creuseur, bachimbaji ba madini, banafunikaka mashimo yao, tukafunika miche yote. Mi njo nilifunga kamba. Hata upepo ulishindwa.

Kisha majuma kidogo, miche ikawa mirefu, myembamba, ya manjano, yote imeinama upande mumoja kwenye mwanga unapitia, sawa batu banachungulia ndoa ya jirani. Tukaongeza maji. Tukaongeza mbolea. Ikazidi kulala.

Mama Mujinga akaniambia: «Tata Kitenge, mutoto wa kuzaliwa utamufungia mu nyumba mpaka lini? Tunamupelekaka ku jua ya asubui.» Nikamujibu jua ya octobre itachoma yote. «Kule ku remblai hakuna kivuli. Basi utapanda na bâche yako», akasema. Batu bakacheka sana.

Akaanza kufunua. Asubui kidogo, kisha anafunika, kesho anaongeza. Mwisho miche ikavumilia jua ya saa sita, majani kijani nzito, shina nene, imesimama sawa. Zile kamba nilifungua mi mwenyewe, juu hakuna mwingine aliweza.

Mvua ya kwanza, tukapanda, na miti ikashika. Chef Polycarpe alipita kati ya miti, kisha akaomba miche ya kupanda kwake. Njo maana leo tuko na pépinière ya kufanyia hii sherehe.

Mama Odile, asante kwa kazi yetu sote yenye uliokoa. Mungu akupe afya na bajukuu ba heshima, na huko Mutshatsha kwenye unaenda kupumzika ulale mpaka saa ine bila mutu wa kukugongea.