Koplo Arvi Piirainen, Aliyerudi Nurmes Baada ya Miaka Sitini na Saba

Marehemu Arvi Johannes Piirainen alizaliwa tarehe 3 Machi 1921, kijijini nje ya mji wa Nurmes, mtoto wa kwanza wa mzee Kalle, msukuma magogo mtoni, na Bi. Hilja, akifuatiwa na mdogo wake pekee, Helka, aliyeketi hapa mbele na aliyetusimulia haya yote.

Alisoma miaka sita katika shule ya kijijini, ambako mwalimu alilalamika kwamba anapiga mluzi darasani bila kujijua, kisha mwaka 1935 akaungana na baba yake mtoni, hadi alipoitwa jeshini Juni 1941.

Alimwoa Bi. Saimi tarehe 28 Agosti 1943, akiwa na likizo ya siku kumi, na binti yao, Raili, akazaliwa tarehe 2 Juni 1944, lakini Arvi hakuwahi kumwona, aliandika tu kutoka vitani kuuliza masikio kayachukua kwa nani.

Hakupata kuugua ugonjwa wa kumlaza. Tarehe 9 Julai 1944, kwenye mapigano ya Vuosalmi, alimbeba mwenzake aliyejeruhiwa hadi kwenye handaki, akarudi kumchukua wa pili, na hakuonekana tena. Wenzake waliouawa waliletwa nyumbani ndani ya majeneza, yeye ikaletwa barua tu kwamba hajulikani alipo, na mama yake akakataa kuhama, akisema, "Akirudi atatukuta wapi?"

Saimi alisubiri miaka kumi na moja, ndipo alipoposwa na mtu mwema, akaenda kwanza kwa mama mkwe, akakaa jikoni, kahawa ikapoa, mpaka Bi. Hilja alipomwambia mwenyewe, "Nenda, mwanangu. Kumngoja niachie mimi."

Bi. Hilja alimngoja hadi yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1971, na zamu ikawa ya Helka, ambaye hadi leo hajabadilisha namba ya simu ya nyumba ile, ingawa huona haya kueleza sababu.

Mwaka jana, huko Vuosalmi, mifupa ya watu wawili ilipatikana ikiwa imelala pamoja, na vipimo vya mate ya Helka vikathibitisha kwamba mmoja ni Arvi.

Familia inawashukuru waliojitolea kuchimba, madaktari waliopima, na majirani waliopika tangu juzi.

Leo, tarehe 27 Agosti 2011, Helka mwenye miaka themanini na minne anamzika kaka yake wa miaka ishirini na mitatu, naye Raili yuko na baba yake kwa mara ya kwanza, na asubuhi aliomba kushika jeneza pamoja na wanaume, akakuta ni jepesi mno.

Umefika nyumbani, Arvi. Lala sasa.