Keziah Bourne na Sanamu ya Muuguzi

Keziah Bourne alizaliwa Longton, mji wa viwanda vya kaure Uingereza, tarehe 4 Machi 1897, mtoto wa tatu wa Josiah na Hannah Colclough. Alisoma shule ya kanisa hadi alipotimiza miaka kumi na mitatu, kisha akaingia kiwandani kupaka rangi vyombo vya kaure.

Mwaka 1916, wakati wa vita, zilifika habari kwamba muuguzi mmoja wa kwetu amepigwa risasi na adui. Kiwanda kikataka kutoa sanamu yake ya ukumbusho kabla ya viwanda vingine, lakini gazeti halikuwa na picha yake. Mchongaji, Mzee Shufflebotham, akamwona Keziah ameinamia kazi, akaamua kuiga sura yake.

“Geuka huku, bibie. Funga mdomo! Unakufa kishujaa, huli mkate.”

Maelfu ya sanamu yakatoka tanurini na sura ya Keziah. Tangu hapo hakuwa na pa kujificha. Akicheka njiani, watu walinuna. Akienda dansi, kesho yake msimamizi alimwita: “Sura hiyo ndiyo inayouza, Keziah. Usituharibie.” Kila nyumba aliyoingia alijikuta kwenye rafu juu ya meko, mpole, macho chini, akingoja risasi.

Tarehe 11 Juni 1921 aliolewa na Enoch Bourne, mpanga vyombo tanurini, wakakaa kwa mama mkwe. Naye alikuwa na sanamu ile. Akikorofishana na Keziah, alinyoosha kidole mekoni.

“Mwangalie mwenzio yule. Hajanijibu hata siku moja.”

“Wala hajakupikia, mama.”

Mama mkwe alipofariki, Keziah aliomba sanamu itupwe. Enoch, kwa mapenzi yake yote, alishindwa. “Nitautupaje uso wa mke wangu?”

“Si wangu,” alisema Keziah, akaendelea kuifuta vumbi miaka mingine ishirini na sita.

Septemba 1957 alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto wa uso ukalegea. Binti yake Dorcas alificha kioo. Keziah alikidai, akajitazama kitambo, kisha akacheka kwa nusu ya mdomo.

“Haya, mleteni yule tulinganishe!”

Kuanzia hapo alikwenda sokoni kila Jumamosi, akibishana na wauza samaki na kucheka kwa sauti, wala hakuna aliyenuna.

Alifariki nyumbani tarehe 19 Januari 1959, baada ya kiharusi cha pili. Ameacha mume, Enoch. Watoto, Dorcas na Wilfred. Na wajukuu watano. Aliagiza jeneza libaki wazi, na watu wasogee karibu wamtazame.

Alale salama, na uso wake mwenyewe.