Mwanawetu Abdulatifu na Asubuhi Tuliyodhani ni Salfa

Marehemu dada yetu Mwanawetu Abdulatifu alizaliwa Nandagala, Ruangwa, tarehe 3 Machi 1968, pacha wa kaka yetu Kaimu. Alitangulia yeye, na hakuacha kumkumbusha mwenzake nani mkubwa.

Alisoma shule ya msingi hapo Nandagala, akamaliza darasa la saba mwaka 1983, kisha akashika jembe.

Mwaka 1987 aliolewa na shemeji yetu Rashidy wa Marambo, Nachingwea. Aligoma kuondoka bila kinu cha bibi. Bwana harusi akakifunga nyuma ya baiskeli, akaanguka nacho mara mbili kabla ya kufika. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini. Huko Marambo walilima korosho na ufuta, wakajaliwa watoto watatu.

Miaka ya karibuni alikuwa na presha. Dawa alimeza kichwa kilipogonga; kikitulia, aliziacha.

Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025, alirudi nyumbani kutoka shambani, ambako walikuwa wakipuliza mikorosho salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu. Akakoroga uji, upawa ukamdondoka. Alipotaka kusema, maneno yakatoka yamevurugika. Majirani wakajaa uani.

"Salfa hiyo, kaivuta nyingi," wakasema. "Mpeni maziwa."

Huku kwetu nani asiyejua maziwa ndiyo dawa ya salfa? Tukampa. Akapaliwa, maziwa yakamtokea puani, macho yakatutazama kwa hofu. Tukamlaza kivulini tungoje salfa imtoke. Jua likapanda, likapita utosi. Binti yake Ashura alipombadilisha khanga ndipo akaona mkono wa kulia haufuati. Akapiga yowe.

Tukamkimbiza zahanati, ambako muuguzi Edina alimwambia, "Mama, hebu tabasamu." Mdomo ukaenda upande mmoja. "Nyanyua mikono yote miwili." Ukapanda wa kushoto peke yake.

"Hii siyo salfa, jamani. Ni kiharusi, tena kikubwa. Msimpe kitu mdomoni, hata maji. Twendeni hospitali sasa hivi, nawapigia simu wajiandae."

Hospitalini Nachingwea swali la kwanza lilikuwa: kilianza saa ngapi? Tukajibu asubuhi. Daktari akatazama saa yake. Alisema kila saa iliyopita ilikuwa imekula ubongo. Marehemu alifariki Jumatatu, tarehe 14, alfajiri, akiwa ameshika kidole cha mumewe kwa mkono wa kushoto.

Ameacha mume, Rashidy, watoto Ashura, Huzaifa na Hajra, wajukuu wanne, mimi mdogo wake, Abdalah, na pacha wake, Kaimu.

Wasifu huu ilikuwa ausome Kaimu. Naye ana presha. Leo asubuhi akijaribu kuusoma, ulimi ulimkwama kwenye jina la dada yake, na nyumba nzima ikasimama. Hajra akamshika mabega: "Mjomba, tabasamu!" Akatabasamu huku machozi yanamtoka. "Nyanyua mikono!" Akanyanyua yote miwili. Kilikuwa kilio tu. Basi akabaki ameinyanyua, anaogopa kuishusha, na sisi tunaogopa kumwambia ashushe.

Mwenyezi Mungu ampokee Mwanawetu kwa rehema, ampe pumziko lenye amani. Amina.